Maktaba ya C Ugenini: Kompyuta Kuu, Programu Huria na Chuo cha Mkoani

Mang'onyi ni kata katika Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Kwenye kompyuta ya mezani ya ofisi yoyote pale Singida mjini, jina hilo huhifadhiwa kwa baiti tisa: 4D 61 6E 67 27 6F 6E 79 69. Kwenye kompyuta kuu ya IBM inayoendeshwa na mfumo wa z/OS ni baiti tisa vilevile, ila ni hizi: D4 81 95 87 7D 96 95 A8 89. Ukizilinganisha moja baada ya nyingine, hakuna hata jozi moja inayofanana.

Kompyuta ya mezani inafuata jedwali la ASCII. Kompyuta kuu, ile ambayo wengi huiita meinfremu, inafuata EBCDIC, jedwali ambalo IBM ililileta pamoja na familia ya System/360 iliyotangazwa tarehe 7 Aprili 1964. Mpangilio wake unatokana na kadi za kutobolewa, na ndiyo maana herufi zake hazikai mfululizo. Kutoka a hadi i zinafuatana, kisha kuna pengo, halafu j hadi r, pengo jingine, ndipo s hadi z. Mwandishi wa programu aliyelelewa na Linux au Windows huenda akafanya kazi miaka ishirini bila kugundua kwamba mapengo hayo yapo duniani. Siku atakapoombwa kupeleka maktaba yake ya C kwenye z/OS, atayagundua kabla ya chai ya saa nne.

Makala haya yanatetea hoja moja. Kuhamisha maktaba ya programu huria kwenda mfumo endeshi wa namna hii ni kuikagua maktaba yenyewe, na ukaguzi huo hauna faida ya kudumu mpaka marekebisho yarudishwe kwa watunzaji wa asili yakiwa na majaribio ya kuyalinda. Nakala iliyorekebishwa na kufungiwa kabatini mwa taasisi moja ni deni, hata kama leo inafanya kazi. Hoja hiyo inawahusu pia wahadhiri wa vyuo vya mikoani kama Singida, ambao kwa kawaida hawatarajiwi kuwa na lolote la kusema kuhusu kompyuta kuu.

Tuanze na mstari mmoja ambao uko katika maelfu ya programu: c >= 'a' && c <= 'z'. Nia ya aliyeuandika ni kuuliza kama alama fulani ni herufi ndogo. Katika ASCII jibu huwa sahihi. Katika EBCDIC, alama ya mawimbi ~ imekaa kwenye 0xA1, yaani katika pengo lililo kati ya r na s, kwa hiyo mstari huo unaikaribisha kama herufi halali. Herufi kubwa nazo zina wageni wao: mabano } yako kati ya I na J, na mkwaju wa nyuma \ uko kati ya R na S. Kuna pia mazoea ya kupata herufi kubwa kwa kutoa 32. Katika EBCDIC tofauti ni 64, na upande ni ule mwingine: herufi kubwa ndizo zenye namba kubwa. Kiwango rasmi cha lugha ya C kimeahidi kwamba tarakimu 0 hadi 9 zitafuatana. Kuhusu herufi hakijaahidi chochote. Mwandishi alijipa ahadi ambayo hakupewa, na mashine yake ya kila siku haikuwahi kumsuta.

Kosa la pili linagusa simu za mkononi. Kwa kuwa herufi za EBCDIC zina namba zinazozidi 127, aina ya char katika z/OS haina alama ya hasi. Anayesoma faili kwa kuweka jibu la getchar ndani ya char, kisha akalinganisha na EOF, ishara ya mwisho wa faili ambayo ni namba hasi, atazunguka milele, kwa sababu char yake haiwezi kamwe kuwa hasi. Kompyuta nyingi za mezani humwacha apite salama. Simu ya Android yenye kichakataji cha ARM haimwachi, kwani nayo char yake haina hasi. Hivyo kasoro iliyofichuliwa na mashine ya benki yenye nasaba ya 1964 ni ileile inayoweza kuigandisha simu ya mkulima wa alizeti pale Manyoni. Huu ndio ukaguzi unaozungumzwa hapa. Ugeni wa mfumo unaonyesha mahali ambapo msimbo ulikuwa ukitegemea bahati.

Majina yana kisa chake. Kiwango cha kwanza cha C, cha 1989, kiliruhusu mfumo kutambua herufi sita tu za mwanzo za jina la nje, tena bila kutofautisha kubwa na ndogo. Kiunganishi cha zamani cha MVS, babu wa z/OS, kilikuwa karimu kidogo: herufi nane. Chukua SQLite, hifadhidata huria iliyomo karibu katika kila simu. Majina ya kazi zake huanza na sqlite3_, na ukihesabu utaona herufi nane zimekwisha hapohapo. Kwa kiunganishi kile, sqlite3_open, sqlite3_close na sqlite3_exec ni kitu kimoja: kufungua, kufunga na kutekeleza kwa jina moja! Mifumo ya leo ya IBM inakubali majina marefu, lakini anayefanya kazi na MVS ya kale hana budi kuandaa orodha ya majina mafupi ya badala.

Tukija kwenye mafaili, mambo yanakuwa mazito zaidi, na ni hapa wahamishaji wengi hupoteza majuma. Katika Unix faili ni mkufu wa baiti, na mstari huisha kwa alama ya mstari mpya. Faili la kawaida la z/OS ni mkusanyiko wa rekodi zenye urefu uliopangwa tangu faili lilipoundwa, mara nyingi baiti 80, urefu wa kadi ileile ya kutobolewa. Jina Mang'onyi likiwa peke yake kwenye rekodi hiyo linafuatwa na nafasi tupu 71, na hakuna alama ya mstari mpya popote. Maktaba ikifungua faili hilo kama maandishi, mazingira ya C yataondoa nafasi za mwisho na kuweka alama ya mstari mpya yenyewe. Ikilifungua kama data ghafi, itapokea zote 80 kama zilivyo. Mhasibu hataona ajabu yoyote hapo, kwa sababu daftari la safu zilizopimwa ndilo alilozoea. Anayeshangaa ni mwanafunzi wa kompyuta.

Sasa mfano wa zlib, maktaba ya kubana data iliyotolewa mwaka 1995 na Jean-loup Gailly na Mark Adler. Yenyewe haijali herufi, inabana baiti. Tuseme faili lenye neno Singida limebanwa kwenye z/OS, likatumwa, likafunguliwa kwenye Windows. Hesabu ya uhakiki ya CRC-32 inakubali kwamba hakuna baiti iliyopotea, lakini skrini inaonyesha â‰•‡‰„ na kinachofuata hakisomeki. Maktaba imefanya kazi yake bila dosari, na mtumiaji ataapa kwamba imeharibika. Kuibadili zlib ili itafsiri herufi kungekuwa kosa kubwa, kwa sababu siku itakapopewa picha au sauti itaiharibu kwa bidii hiyohiyo. Tafsiri inapaswa kufanywa mpakani, na mtu anayejua data hiyo ni ya aina gani.

Kanuni hiyo ya mpakani imewagawa watunzaji wa maktaba. Wapo walioingiza EBCDIC ndani ya msimbo wenyewe. SQLite ina majedwali mawili ya kubadili herufi, na kompaila huchagua moja kwa alama ya SQLITE_EBCDIC. PCRE, maktaba ya kutafuta ruwaza iliyoanzishwa na Philip Hazel wa Cambridge, ina chaguo lake la EBCDIC, na hata chaguo dogo la kuamua kama mstari mpya ni 0x15 au 0x25, kwa kuwa ulimwengu wa EBCDIC wenyewe haukukubaliana juu ya jambo hilo. Wengine huijenga maktaba yote kwa ASCII, jambo ambalo kompaila ya z/OS inaliruhusu, kisha wakabadili maandishi yanapoingia na kutoka. Njia hii ya pili ndiyo bora kwa maktaba kubwa: mabadiliko ni machache, na yanakaa sehemu moja ambapo mtu anaweza kuyaona.

Ushahidi uko katika curl, maktaba ya kuhamisha data mtandaoni. Kwa miaka mingi ilikuwa na msimbo wa kubadili herufi uliotapakaa katika mafaili yake, na kufikia 2022 aliyeuhitaji alikuwa amebaki mmoja, TPF, mfumo wa IBM unaojulikana zaidi kwa kuhifadhi nafasi za ndege. Mwaka huo TPF iliachwa na msimbo ule ukang'olewa. Lakini sehemu ya OS/400, mfumo mwingine wa IBM unaotumia EBCDIC, ilibaki. Hiyo ilikuwa imewekwa katika saraka yake, kwa kazi za kufunikia zenye jina linaloishia na _ccsid, bila kuwasumbua wanaofanya kazi katikati ya maktaba. Mgeni aliyejengewa banda lake uani amekaa. Yule aliyetandaza virago sebuleni, vyumbani na jikoni ameondoshwa.

Kuna pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa. Tarehe 7 Aprili 2014, miaka hamsini kamili tangu System/360 itangazwe (sadfa tu), ilitangazwa kasoro ya usalama ya Heartbleed katika OpenSSL, maktaba huria ya usimbaji fiche. Watengenezaji wa mfumo endeshi wa OpenBSD wakachukua nakala, wakaiita LibreSSL, na katika juma la kwanza wakafuta zaidi ya mistari 90,000 ya C, ikiwemo ile ya mfumo wa VMS. Hoja yao haikuwa usafi wa macho tu. OpenSSL ilikuwa imejiwekea utaratibu wake wa kugawa kumbukumbu, kwa sababu ule wa baadhi ya mifumo ulikuwa mzito, na utaratibu huo ndio ulioizuia OpenBSD isitumie ulinzi wake kuikamata kasoro mapema. Kwa maneno mengine, huruma kwa mashine chache ilidhoofisha usalama wa zote.

Pingamizi hili ni zito, lakini linaimarisha hoja badala ya kuivunja. Kilichofutwa na LibreSSL ni msimbo ambao wafutaji hawakuwa na mashine ya kuujaribia wala mtu wa kuusemea. Asiyekuwepo na lake halipo. Lugha ya Perl ilipata funzo hilohilo kwa njia ya polepole: msaada wake kwa EBCDIC haukuondolewa rasmi, lakini matoleo yakafuatana bila kujaribiwa huko mpaka yakawa hayajengeki vizuri. Ilibidi kazi kubwa ifanyike ndipo toleo la 5.22 la mwaka 2015 litangaze kwamba Perl inafanya kazi tena kwenye z/OS.

Tanzania imewahi kuishi na mashine zisizoelewana. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga ICT 1500, ambayo kwa kweli ilikuwa RCA 301 ya Marekani yenye nembo ya kampuni ya Uingereza. Baadaye serikali ikahamia familia ya ICL 1900, yenye maneno ya biti 24 na herufi za biti sita. Kilichoandikwa kwa moja hakikuwa na maana kwa nyingine, na lugha ya C ilikuwa ndiyo kwanza inazaliwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu wa serikali kwenda mrama, uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Sababu zilikuwa za fedha na usimamizi kuliko za baiti. Hata hivyo ujuzi uliofungwa kwenye chapa ya mashine ulikuwa sehemu ya mzigo: mashine ikiondoka, nao unaondoka.

Hali ya leo ni tofauti kwa jambo moja linalogusa Singida moja kwa moja. Hercules, programu huria iliyoanzishwa na Roger Bowler mwaka 1999, huigiza kompyuta kuu ya IBM ndani ya kompyuta mpakato ya kawaida. Juu yake huendeshwa MVS 3.8j, mfumo wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 unaopatikana bila malipo. Si z/OS, anwani zake ni za biti 24, yaani megabaiti 16 basi. Ila EBCDIC ni ileile, rekodi za baiti 80 ni zilezile, na majina ya herufi nane yapo yakimsubiri mwanafunzi. Baada ya kupakua mara moja, hahitaji intaneti.

Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi Singida, na wanafunzi wake wanafundishwa rekodi, safu na ulinganifu wa hesabu tangu mwaka wa kwanza. Wakiungana na wenzao wachache wanaojua C, wana karibu kila kinachohitajika. Wachague maktaba moja ndogo iliyo hai, yenye watunzaji wanaojibu. Waihamishe. Kila kasoro waliyoikuta waiandikie jaribio linaloshindwa kabla ya kiraka na kufaulu baada yake, kisha wapeleke vyote viwili kwa watunzaji. Alama za mtihani zitolewe kwa kiraka kilichokubaliwa, au kwa maelezo ya kueleweka ya kwa nini kilikataliwa, na si kwa nakala inayofanya kazi kwenye kompyuta ya mwanafunzi pekee.