Ferragosto kwa Kiswahili: Pumziko la Agosti

Kila tarehe 15 Agosti maduka na viwanda vingi vya Italia hufungwa. Watu hukimbilia baharini na milimani, na marafiki hukaa mezani tangu mchana hadi jua litue, wakila pasta ya kuoka, nyama choma na tikiti maji lililopozwa. Siku hiyo huitwa Ferragosto. Tafsiri inayokuja upesi ni "sikukuu ya kiangazi", lakini msomaji wa Kasese au Bwera, magharibi mwa Uganda, itampotosha. Ikweta inakata barabara ya Kasese kwenda Mbarara pale Kikorongo. Huku mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na majira hujulikana kwa mvua. Kiangazi ni Juni na Julai, kisha Desemba hadi Februari. Ifikapo katikati ya Agosti, mvua inaanza kurudi Rwenzori na mkulima anawaza jembe. Hata pwani, Kiswahili kilikozaliwa, Agosti ni kipupwe, wakati wa ubaridi. Kiangazi chetu ni kukosekana kwa mvua. Msimu wa Waitalia ni urefu wa mchana, ambao mwezi Juni hufikia takriban saa 15 mjini Roma.

Basi istilahi itafutwe katika asili ya neno. Ferragosto limetokana na Kilatini *feriae Augusti*, yaani siku za mapumziko za Augusto, Kaisari aliyeziweka mwaka 18 KK, wakati wa kupumzika baada ya mavuno. Mwezi wenyewe ulipewa jina lake mwaka 8 KK, na Kiswahili kinalo jina hilo tayari: Agosti. Kilichobaki ni *feriae*, na hilo ni pumziko. Napendekeza "Pumziko la Agosti".

Wapo watakaosema kwamba Wakatoliki wa Jimbo la Kasese tayari wana jina la tarehe hiyo: Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni. Ni kweli, na Waitalia nao huiadhimisha kanisani. Lakini pumziko liliitangulia sherehe hiyo, na hata asiyekwenda misani hulishika. Istilahi ikiitwa Kupalizwa itamwacha nje. Wengine watahofia kwamba wanafunzi wa Uganda watadhani ni likizo ya shule. Likizo, hata hivyo, ni ruhusa itolewayo na shule au mwajiri, tena huchukua siku nyingi. Umoja wa "pumziko" na herufi kubwa vinatosha kuonyesha siku moja yenye jina lake. Kuandika "Feragosto" tu kutahifadhi sauti na kuficha maana.

Mlo wake nao usiitwe karamu, kwa kuwa karamu ina mwenyeji anayegharimia wageni. Pale marafiki wanapochanga, mmoja akileta nyama na mwingine matunda, pwani wana neno kikoa: kula pamoja kwa mchango au kwa zamu. Mtu wa Bwera huenda hajalisikia, ila kuchangia chakula cha harusi au matanga anakujua, na kuketi na wenzake kuzunguka obundu, yaani ugali wa muhogo, na samaki wa Katwe hahitaji kufundishwa. Neno geni linaloeleza desturi iliyozoeleka hujifunzwa upesi kuliko neno lililozoeleka linalotaja majira yasiyokuwepo. Kamusi zetu ziandike hivi: Pumziko la Agosti, siku ya kikoa nchini Italia.