Mungu wa Kike Mwenye Hazina, Mwanamke Asiye na Kura: Athena na Wanawake wa Athens katika Karne ya 5 KK

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya hadhi ya mungu wa kike Athena na hadhi ya wanawake raia katika jiji la Athens, hasa katika karne ya 5 KK. Kwa kutumia visasili, maandishi ya wanahistoria wa kale na kumbukumbu za hesabu zilizochongwa kwenye mawe, makala yanaonesha kwamba Athena alikuwa mwenye mali na mkopeshaji mkuu wa dola, ilhali mwanamke raia hakuruhusiwa kufanya mkataba wenye thamani kubwa. Inahitimishwa kwamba kilichompa mwanamke sauti ya hadhara ni wadhifa wa ukuhani uliokuwa na masharti bayana. Ukuu wa mungu wa kike peke yake haukumpa sauti hiyo.

1.0 Utangulizi

Asomaye visasili vya Wagiriki wa kale kwa mara ya kwanza hustaajabia wingi wa miungu wa kike wenye nguvu. Hera ni malkia wa mbinguni. Demeter huzuia mbegu zisiote hadi Zeus mwenyewe analazimika kulegeza msimamo. Artemis hutawala mwitu na wanyama wake, na Aphrodite huwatia miungu na wanadamu katika mtego mmoja. Kutokana na picha hiyo, wapo wanaokata shauri upesi kwamba jamii iliyowasujudia wanawake mbinguni haikukosa kuwaheshimu duniani. Makala haya yanapinga shauri hilo kwa kumtazama mmoja wao tu, Athena, katika jiji lililobeba jina lake.

Ufafanuzi wa istilahi unahitajika. Katika Kiswahili tumezoea kusema "mungu wa kike", kana kwamba mungu bila sifa hiyo ni wa kiume. Nyaraka za mawe za Athens mara nyingi humtaja Athena kwa neno lile lile litumikalo kwa mungu wa kiume, na jinsia hutambulikana kwa kibainishi tu. Kwa Waathene, basi, Athena alikuwa "mungu" pasipo haja ya maelezo zaidi. Jambo hili litufae tunapozisoma hesabu zake.

2.0 Kisasili cha kura

Kisasili mashuhuri husimulia kwamba Athena na Poseidon waligombea ulinzi wa nchi ya Attika. Poseidon alitoa maji ya chumvi mwambani, Athena akaotesha mzeituni, na ushindi ukawa wake. Herodotus anautaja mzeituni huo na maji hayo kuwa vitu vilivyooneshwa juu ya Akropoli, na shindano lenyewe lilichongwa kwenye upande wa magharibi wa hekalu la Parthenon.

Ipo riwaya nyingine ya kisa hiki, iliyosimuliwa na Varro, mwanachuoni wa Kirumi wa karne ya 1 KK, na kuhifadhiwa na Augustino katika kitabu chake kuhusu Mji wa Mungu. Humo, mfalme Cecrops aliwaita raia wote, wanaume kwa wanawake, wapige kura. Wanaume walimchagua Poseidon, wanawake wakamchagua Athena. Kwa kuwa wanawake walizidi kwa mmoja, Athena alishinda. Poseidon aliyeghadhibika aliifurikisha nchi, na ili kumtuliza, wanaume waliwatwika wanawake adhabu 3: wasipige kura tena, mtoto asiitwe kwa jina la mama yake, na wao wenyewe wasiitwe Waathene. Augustino hakukosa kuona kwamba Athena hakuwatetea waliomchagua.

Riwaya hii ni ya baadaye, na haitupi ushahidi kwamba wanawake wa Attika waliwahi kupiga kura. Thamani yake iko kwingine. Aliyeitunga alihisi kwamba kutengwa kwa wanawake katika jiji la mungu wa kike kulihitaji sababu, naye akaitafuta sababu hiyo katika ushindi wenyewe wa mungu huyo.

Mwelekeo huo unajitokeza mapema zaidi katika tamthilia ya Eumenides ya Aeschylus, iliyooneshwa mwaka 458 KK. Orestes anashtakiwa kwa kumuua mama yake. Athena anampigia kura ya kumwachilia na kueleza kwamba yeye hakuzaliwa na mama. Alitoka kichwani mwa Zeus, na katika mambo yote isipokuwa ndoa yuko upande wa wanaume. Mungu wa kike anakuwa wakili wa mamlaka ya baba.

3.0 Athena kama mwenye mali

Tukitoka kwenye visasili na kuingia kwenye hesabu, Athena anabaki na uzito wake. Mwaka 454 KK Athens ilikuwa tayari imehamishia kwake hazina ya muungano wa miji iliyopigana na Uajemi, ambayo awali ilikuwa katika kisiwa cha Delos. Kuanzia hapo, sehemu 1 ya 60 ya mchango wa kila mji ilitengwa kuwa malimbuko ya Athena, na orodha zake zikachongwa kwenye mawe ambayo vipande vyake vingali vipo.

Ujenzi wa Parthenon ulianza mwaka 447 KK. Sanamu ya dhahabu na pembe za ndovu iliyobuniwa na Pheidias iliwekwa wakfu mwaka 438 KK. Thucydides anaeleza kwamba vita na Sparta vilipokaribia, Pericles aliwakumbusha raia kuwa dhahabu ya sanamu hiyo, yenye uzito wa talanta 40, ilikuwa inabanduka. Wangeweza kuitumia katika dhiki, mradi wairudishe yote. Talanta 1 ilikuwa drakma 6,000, takribani kilo 26.

Vita vilipoanza, dola ilikopa kwa Athena, na mkopo huo uliandikwa kama mkopo. Hesabu zilizochongwa na wakaguzi zinaonesha kuwa katika miaka 7, kuanzia 433 KK, takribani talanta 4,000 zilitoka kwenye hazina ya Athena Polias, mlinzi wa jiji. Kwa miaka 4 iliyofuata riba ilihesabiwa kuwa drakma 1 kwa siku kwa kila talanta 5, yaani takribani asilimia 1.2 kwa mwaka. Ilikokotolewa siku kwa siku, kama adaiwavyo mtu na mdai asiyesahau.

Waliozishika fedha hizo walikuwa waweka hazina 10, mmoja kutoka kila kabila, waliopatikana kwa bahati nasibu miongoni mwa wanaume wa tabaka la matajiri zaidi. Baraza la Wananchi lililoamua kukopa lilikuwa la wanaume watupu. Mali ilikuwa ya mungu wa kike, lakini aliyekopesha kwa niaba yake na aliyekopa walikuwa wanaume wa jiji lile lile. Mwaka 406 KK dhiki ilipozidi, sanamu za dhahabu za Nike zilikwisha kuyeyushwa zikawa sarafu.

4.0 Mwanamke raia mbele ya sheria

Katika miaka hiyo hiyo, mwanamke raia aliishi chini ya msimamizi wa kiume: baba, kisha mume, au ndugu, au hata mwanawe mwenyewe. Sheria ilimkataza kufanya mkataba unaozidi thamani ya medimno 1 ya shayiri, kipimo cha takribani lita 52. Hakupiga kura wala kuhutubia Baraza, na mashauri yake mahakamani yalisemewa na msimamizi.

Sheria ya Pericles ya mwaka 451 KK ilileta sura mpya. Iliamuru kwamba raia ni yule tu ambaye wazazi wake wote wawili ni raia. Hivyo mama akawa nguzo ya uraia wa mwanawe bila yeye kupata sauti katika dola ambayo uraia huo ulikuwa tiketi ya kuiongoza. Alihitajika kwa nasaba, si kwa shauri.

5.0 Mlango wa ukuhani

Hata hivyo, picha isingekamilika bila kuwataja makuhani wa kike. Kuhani wa Athena Polias alitoka katika ukoo wa Eteoboutadai na kushika wadhifa maisha yake yote. Herodotus anasimulia kwamba mwaka 508 KK, mfalme Cleomenes wa Sparta alipotaka kuingia patakatifu, kuhani aliinuka kitini na kumwamuru arudi. Mwaka 480 KK, Waajemi walipokaribia, kuhani alitangaza kwamba nyoka mlinzi wa Akropoli hakula mkate wake wa asali. Watu walikubali kuhama jiji kwa hima zaidi, wakiamini kuwa Athena mwenyewe ameondoka. Baadaye, Lysimache alishika wadhifa huo kwa miaka 64. Na mwaka 415 KK, makuhani walipoagizwa wamlaani Alcibiades, kuhani aitwaye Theano alikataa, kwa hoja kwamba kazi yake ni kuomba dua.

Mfano ulio wazi zaidi ni ukuhani wa Athena Nike. Amri iliyochongwa kwenye jiwe iliagiza kuhani huyo apatikane miongoni mwa wanawake wote wa Athens, pasipo kujali ukoo, alipwe drakma 50 kwa mwaka, na apewe miguu na ngozi za wanyama wa kafara ya umma. Malipo hayo hayakuwa makubwa: mzee wa baraza la mahakama, aliyelipwa nusu drakma kwa siku, aliyapata kwa siku 100. Lakini yaliandikwa hadharani, na yalikuwa haki yake.

6.0 Hitimisho

Ushahidi uliojadiliwa unaonesha mambo mawili. Kwanza, ukuu wa Athena haukuwa kipimo cha hadhi ya wanawake wa Athens. Ulitumika kukusanya mali ya umma, kuilinda kwa jina takatifu na kuikopa wakati wa vita, na pengine kuhalalisha mamlaka ya baba. Pili, pale mwanamke alipopata sauti, aliipata kupitia wadhifa wenye njia ya uteuzi, muda na malipo yanayojulikana.

Kwa mtafiti, funzo ni kutosoma kisasili pasipo kukilinganisha na sheria na hesabu za wakati wake. Kwa mshauri wa sera, ni kutoridhika na sura ya mwanamke iliyowekwa juu ya jengo, sarafu au nembo. Aulize pia ni nani aliyeandikwa kuwa mwenye mali, na ni nani anayeamua itumikeje. Katika Athens, Athena alitosheleza swali la kwanza tu, na mwanamke aliyemfumia vazi la sikukuu yake hakutosheleza hata moja.