Neno "Mjinga" na Maana Yake ya Zamani

Neno mjinga, kama litumikavyo leo, aghalabu ni tusi, kwa kuwa wengi hulichanganya na mpumbavu. Lakini asili maneno haya si mamoja. Mpumbavu ni mtu aliyepungukiwa na akili. Mjinga ni yule asiyejua jambo kwa sababu hajafundishwa au hajalizoea.

Ushahidi wa maana hiyo umo katika habari za utumwa. Katika mwambao wa karne ya 19, mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga, apate kupambanuliwa na mzalia, yaani aliyezaliwa pwani katika utumwa. Na ujinga wake ulikuwa nini? Hakujua Kiswahili, wala dini, wala adabu za mji. Wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa, kwa watu waliojua kulima, kufua chuma na kufinyanga. Ustadi huo wote haukuhesabiwa. Basi neno hilo halikupima elimu ya mtu, bali umbali wake na mji. Alipokwisha kuijua lugha na desturi, jina lilimwondokea, ijapokuwa utumwa haukumwondokea.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 sheria ikaacha kuutambua utumwa huko. Wageni wa namna ile hawakuletwa tena; maana ya ugeni ikafifia, ile ya dharau ikabaki.

Hata hivyo methali zimeihifadhi maana ya kale. Husemwa, "Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani". Kuerevuka huko ni kwa asiyejua, si kwa asiye na akili. Husemwa tena, "Kuuliza si ujinga," maana aulizaye amekwisha kuanza kuutoka.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, ujinga ulitajwa pamoja na maradhi na umaskini kuwa adui wa taifa, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Ndipo watu walipozoea kusema "kufuta ujinga"; hapana asemaye "kufuta upumbavu". Hapo neno lilirudi katika maana yake njema, yaani upungufu uondokao kwa mafundisho. Lakini hatari ya zamani nayo ilirudi: mkulima ajuaye mbegu, udongo na majira ya mvua huitwa mjinga kwa kutojua herufi tu. Afadhali basi kila alitumiapo mtu neno hili aseme pia ni ujinga wa jambo gani.