Flashi Haina Kelele: Kwa Nini Ni Vigumu Kujua Inakufa

Swali ninaloulizwa mara nyingi na jamaa na majirani wanaojua kazi yangu ni hili: "Hii flashi yangu imekufa, ama ina virusi tu?" Jibu lake liko kwenye historia, kwa hivyo nivumilieni kidogo tuanzie mbali.

Flopi ilipougua, uliisikia. Ilikwaruza, kompyuta ikarudia kuisoma mara tatu nne, nawe ukajua leo kuna shida. Diski kuu nayo hugonga, na tangu miaka ya 1990 diski hizo zina mfumo uitwao SMART unaohesabu makosa na kuyaripoti. Flashi nyingi tunazonunua hazina kelele wala ripoti. Kwa nini?

Mwaka 1984 mhandisi wa Toshiba ya Japani, Fujio Masuoka, aliwasilisha mjini San Francisco aina mpya ya kumbukumbu isiyosahau umeme ukizimwa. Ilifuta data kundi zima kwa mpigo, na mwenzake Shoji Ariizumi akasema inamkumbusha mwako wa taa ya kamera. Ndipo jina flashi lilipotoka. Mwaka 1987 ikafuata aina ya NAND, ambayo ndiyo imo ndani ya flashi zetu hizi.

Kila seli ya NAND ni kama kijichumba chenye ukuta wa kuhami umeme. Kuandika ni kusukuma elektroni zipenye ukuta ziingie ndani, na kufuta ni kuzitoa. Kila safari inauchosha ukuta. Seli za zamani zilizobeba biti moja zilivumilia kuandikwa na kufutwa mara 100,000 hivi. Zile za biti tatu huvumilia maelfu machache tu, na za bei rahisi hata chini ya hapo. Kwa hivyo nafasi imeongezeka, bei imeshuka, na uhai wa kila seli umepungua.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kompyuta ilizoea diski, haikujua kuishi na kumbukumbu ambayo sehemu zake zinakufa moja moja. Amir Ban wa kampuni ya M-Systems, Israel, alipata hataza mwaka 1995 ya mbinu ya kuziba pengo hilo: programu inayokaa katikati na kuifanya flashi ijifanye diski ya kawaida. Kwenye flashi zetu kazi hiyo hufanywa na chipu ndogo iitwayo kidhibiti. Kompyuta ikisema "andika mahali namba 500", kidhibiti huchagua chenyewe pa kuandika, ili pasiwe na sehemu moja inayochakaa mapema. Bloku ikifa, huibadilisha kimyakimya na nyingine ya akiba.

Bila mbinu hiyo flashi isingefanya kazi kwenye kila kompyuta. Lakini ndiyo hiyo hiyo inayoficha ugonjwa. Kidhibiti husema "niko sawa" mpaka akiba iishe.

Mwaka 1999 M-Systems waliomba hataza ya kuunganisha flashi na USB. Mwaka 2000 Trek ya Singapore ikatoa ThumbDrive, na mwisho wa mwaka huo IBM ikaanza kuuza DiskOnKey ya MB 8, yaani zaidi ya flopi tano mfukoni. Kwetu Kenya, kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, flashi ndiyo ilikuwa mtandao. Ulitoka saiba na faili zako zikining'inia shingoni kwenye kamba: tasnifu, picha za arusi, hesabu za chama. Mara nyingi hiyo ilikuwa nakala pekee.

Ukijua haya, dalili zinasomeka:

1. Folda zimegeuka kuwa njia za mkato. Hapo flashi huenda ni nzima kabisa. Hao ni virusi, na faili zako zimefichwa tu.

2. Inasoma lakini inakataa kuandika. Angalia kwanza kama ina swichi ya kuifunga. Kama haina, yawezekana akiba imeisha na kidhibiti kimejifunga ili uokoe vilivyomo. Nakili sasa hivi, si kesho.

3. Inaonekana, lakini ukubwa wake ni 0. Mara nyingi kidhibiti kimeshindwa kuifikia chipu ya kumbukumbu. Kufomati hakutasaidia.

4. Majina ya faili yapo, lakini hazifunguki, hasa za karibuni. Shuku flashi bandia: chipu ni ya GB 8, kidhibiti kimefunzwa kusema 64. Orodha ya majina hukaa mwanzoni mwa flashi kwa hivyo inabaki, ila yaliyomo yamepotea.

5. Haionekani kwenye kompyuta yoyote. Tazama kichwa cha USB, huenda lehemu imeachia.

Flashi tupu unayoishuku ina kipimo kimoja cha kuaminika: ijaze pomoni, kisha isome yote ulinganishe. H2testw ya Harald Bögeholz hufanya hivyo kwenye Windows, na F3 kwenye Linux. Usimwulize kidhibiti, mpe kazi umtazame.

Kuna mweka hazina wa chama cha akina mama aliyeniletea flashi ya GB 4. "Kijana wangu, inaniuliza kama nataka kuifomati. Nibonyeze?" Nikamwambia, "Hapana Mama, usibonyeze chochote." Humo mlikuwa na michango na mikopo ya miaka mitatu, na daftari walikuwa wameshaliacha. Chama bila rekodi huvunjika hata kama pesa zipo, maana kila mtu anakumbuka deni la mwenzake.

Niliichomeka kwenye Linux, nikaandika dmesg, nikaona makosa ya kusoma yamefuatana. Sikujaribu kuirekebisha. Nilitumia ddrescue, programu iliyoanzishwa na Antonio Diaz Diaz mwaka 2004, ambayo huokoa kwanza sehemu zinazosomeka, kisha ndiyo hurudia mbovu. Halafu nikafanyia kazi ile nakala, si flashi yenyewe. Zilikosekana faili za miezi miwili tu, na hizo akina mama walizikusanya upya kutoka kwenye jumbe zao za M-Pesa.

Kwa hivyo ndugu msomaji, flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Kilichomo humo peke yake, kinakili leo mahali pawili pengine, hata kama inafunguka vizuri. Ilitengenezwa ifunguke vizuri mpaka mwisho.