Wingi wa Mwani wa Kahawia si Dalili ya Kupona: Miamba ya Cornwall baada ya 1967

Mwamba wa pwani ukichafuliwa kisha ukaota mwani, watathmini wengi huandika kwamba umepona. Makala haya yanakipinga kipimo hicho.

Mwani unaojadiliwa hapa si ule mwekundu unaolimwa Paje na Jambiani. Ni mwani wa kahawia wa Atlantiki ya Kaskazini, unaoota kwa mikanda kufuata kupwa na kujaa kwa maji. Juu kabisa huota Pelvetia canaliculata, unaovumilia kukauka hadi ukavunjika mkononi. Ukikaa majini muda mrefu huoza. Chini yake hufuata jamii za Fucus, mmoja ukiwa na vifuko vya hewa na mwingine kingo za msumeno, na mwisho Laminaria, ambao huachwa wazi na bamvua tu. Mpangilio huu umewafanya wengi waamini kuwa jua na maji ndivyo vinavyoamua kila kitu. Ni kweli kwamba ukavu na joto huweka kikomo cha juu cha mikanda mingi. Lakini kwenye miamba inayopigwa na mawimbi, kuwepo au kutokuwepo kwa Fucus hutegemea zaidi mlaji.

Mlaji huyo ni Patella, konokono mwenye gamba la umbo la pia, anayekwangua mwamba kwa ulimi wenye meno magumu na kuyamaliza machipukizi kabla hayajaonekana kwa macho. Katika miaka ya 1940, mtafiti N. S. Jones aliwaondoa konokono hao kwenye ukanda mmoja wa mwamba huko Port St Mary, Kisiwa cha Man. Mwani wa kijani ulizuka kwanza, kisha Fucus ukautawala ukanda huo.

Jambo lililofanywa Man kwa makusudi lilitokea Cornwall, Uingereza, kwa ajali. Tarehe 18 Machi 1967, meli ya Torrey Canyon iligonga miamba ya Seven Stones ikiwa na takriban tani 119,000 za mafuta ghafi. Ili kuyaondoa mafuta hayo zilitumika takriban tani 10,000 za kemikali, ambazo kwa viumbe wa mwambani zilikuwa sumu kali kuliko mafuta yenyewe. Palipomwagwa kemikali kwa wingi, karibu Patella wote walikufa. Miamba ikageuka kijani, kisha ikafunikwa na Fucus. Mpita njia asiyejua kisa angeisifu pwani ile kwa neema yake.

Neema hiyo ndiyo iliyozaa balaa la pili. Chini ya majani yenye unyevu, konokono wachanga walikua kwa wingi usio wa kawaida na kula kila chipukizi, hata Fucus uliokwishakomaa ukazeeka bila kuacha mrithi. Mwani ulipoisha, konokono wenye njaa walihama kwa makundi wakivuka mwamba mtupu, na wengi wakafa. Mwani ukapungua kuliko ilivyokuwa kabla ya ajali, na mawimbi hayo ya ziada na upungufu yaliendelea, yakififia kidogo kidogo. Alan na Eve Southward, waliofuatilia miamba hiyo kwa miaka mingi, walionyesha kwamba palipotumika kemikali nyingi hali ya kawaida ilichukua zaidi ya miaka 10 kurejea.

Pengine msomaji atasema mfuatano huo ndio uponaji wenyewe, ila wa polepole. Hoja hiyo ina nguvu kiasi, lakini haiokoi kipimo kinachobishaniwa. Fucus wa Cornwall ulikuwa wa rika moja, na rika moja huzeeka na kufa kwa pamoja. Asilimia ya mwamba uliofunikwa haimwonyeshi mtathmini jambo hilo. Umri wa mwani na ukubwa wa konokono vingemwonyesha.

Ushahidi mzito zaidi dhidi ya kipimo hicho uko Godrevy, kaskazini mwa Cornwall. Huko mafuta yalifika, lakini kemikali hazikutumika kwa kuhofia kuwadhuru sili. Konokono wengi walinusurika, na miamba ilirudia hali yake ndani ya miaka 2 hadi 3.