Mkasi uliomgeuka Tsar

Wakitajwa mabingwa wa sinema ya Kisovieti, Sergei Eisenstein na Dziga Vertov hutangulia, na Esfir Shub huachwa nyuma kana kwamba alikuwa fundi wa kuunganisha mikanda tu. Hiyo ni dhuluma. Filamu yake, Kuanguka kwa Nasaba ya Romanov, ilitoka mwaka 1927, miaka 10 baada ya Tsar Nicholas wa Pili kung'olewa. Ili kuitengeneza alipekua takriban mita 60,000 za mikanda ya zamani, akabakiza 1,500 hivi. Humo mlikuwa na picha ambazo wapiga picha wa Tsar mwenyewe walizipiga ili kumtukuza, na utukufu huohuo Shub akaugeuza kuwa ushahidi dhidi yake. Mfano ni ile sehemu ya melini: mabwana na mabibi wanacheza mazurka kwenye sitaha mpaka wanajifuta jasho, kisha ghafla tunawaona wakulima wakichimba mtaro, nao jasho linawatoka. Neno ni lile lile, jasho, ila kila upande una lake.

Wapo watakaosema huo ni uzushi, kwamba wacheza dansi na wachimba mtaro hawakuwahi kukutana. Ni kweli, lakini filamu haidai kwamba walikutana. Inachodai ni kwamba waliishi chini ya utawala mmoja, na hilo nani atalikanusha? Tena Shub hakumharakisha mtazamaji. Wakati Vertov alikatakata picha kwa kasi, hata mhakiki Viktor Shklovsky akalalamika mwaka 1926 kwamba angependa kujua namba ya garimoshi lililolala ubavu katika filamu yake, Shub aliacha vipande virefu ili jicho lipate nafasi ya kukagua sura, mavazi na mikono. Ni propaganda? Ndiyo, iliandaliwa kwa maadhimisho ya mapinduzi, na upande wake hakuuficha. Lakini propaganda inayokuachia ushahidi mkononi si sawa na ile inayokunyang'anya.

Ajabu ni kwamba dola iliyofaidika na kazi hiyo haikuithamini. Shirika la filamu la Sovkino lilikataa kumpa Shub haki za mtunzi, kwa hoja kwamba alichofanya ni kuunganisha vipande vya wengine, mpaka mshairi Vladimir Mayakovsky akasimama hadharani kumtetea.