Lugha ya Watu wa Kale katika Sinema ya One Million Years B.C.

Sinema iitwayo One Million Years B.C. ilitolewa Uingereza mwaka 1966 na kampuni ya Hammer, nayo yaifuata sinema ya Kimarekani ya mwaka 1940. Mimi niliitazama mwaka 2013, nilipokuwa masomoni ng'ambo, ilipoonyeshwa kwa kumkumbuka Ray Harryhausen, fundi wa wanyama wake wa kuigiza, aliyefariki Mei mwaka huo. Raquel Welch, aliyeigiza Loana, alifariki Februari 2023. Basi heshima hiyo sasa yawastahili wawili.

Watazamaji walicheka, wala hawakukosea. Humo binadamu wapigana na dinosaria, waliotoweka miaka ipatayo milioni 66 iliyopita. Sisi Watanzania twaweza kuupima umbali huo katika ardhi yetu: mifupa ya Tendaguru, huko Lindi, ina miaka ipatayo milioni 150, na fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959 lina miaka milioni 1.75 tu. Harryhausen aliyajua hayo. Alizoea kusema kwamba hakuzitengeneza sinema zake kwa ajili ya maprofesa.

Lakini mimi nilishughulishwa zaidi na usemi wao. Baada ya maelezo mafupi ya Kiingereza mwanzoni, wahusika hawasemi ila maneno machache ya kubuni, mengi yakiwa majina: Tumak, Loana, Sakana, Akhoba. Sikuweza kutambua kitenzi hata kimoja. Tena yule kasa mkubwa anapotokea ufukoni, watu wa pwani wapaza sauti wakisema "Archelon", jina la Kiyunani ambalo wataalamu walimpa kasa huyo mwaka 1896! Hapo nami nilicheka, nikawa peke yangu.

Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba watengenezaji waligusa jambo ambalo sisi wanaisimu twalipita upesi. Tumak, aliyefukuzwa kwao, apokewa na watu wa pwani. Auazima mkuki wa Ahot, amwua dinosaria aliyevamia kijiji, kisha ataka kubaki nao. Ahot amnyang'anya. Baadaye Tumak aingia pangoni kuuiba. Wapigana, naye afukuzwa mara ya pili. Ugomvi wote ni juu ya umilikaji, nao wapita bila kiwakilishi cha kumiliki: hakuna "wangu", hakuna "wako". Mikono yashika mti wa mkuki, macho yafanya kazi iliyosalia, na mtazamaji haulizi kitu.

Tumak anapoondoka, na Loana akamfuata, Ahot amjia na kumkabidhi mkuki uleule. Ni vigumu kusema kama huo ni msamaha, malipo au buriani. Katika Kiswahili ingempasa Ahot achague neno moja, na kwa kuchagua angepoteza mengine mawili. Ukumbini kicheko kilikuwa kimekoma.